Pointi na Taa Zake kwenye Reli ya Mfano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayojirudia kila mtu anapoanza kuvuta waya chini ya meza ya treni. Yameanzia kwenye mepesi na kuishia kwa yale yanayowaumiza vichwa hata wazoefu. Majibu yanategemeana, kwa hiyo ukielekezwa kwenye swali jingine, lisome kwanza ndipo uendelee.

Umeme unaozungumziwa hapa ni mdogo, volti 24 kushuka chini. Umeme wa ukutani uishie kwenye adapta au transfoma iliyofungwa kiwandani. Usiuingize chini ya meza kwa sababu yoyote ile.

## Mwanzo

1. Pointi ina sehemu gani, na umeme unaingia wapi?

Pointi ni kipande cha reli kinachoipa treni njia mbili za kuchagua. Mwenye waya mkononi anahitaji kujua sehemu tatu. Ndimi ni zile reli mbili nyembamba zinazosogea kulia na kushoto. Reli mama ni mbili za nje zisizosogea, na ndimi huziegemea kwa zamu. Frogi ni ile ncha yenye umbo la V, mahali reli ya njia moja inapokatiza reli ya njia ya pili.

Umeme nao una kazi tatu: kusogeza ndimi, kulisha frogi, na kuwasha taa inayoonyesha njia iliyo wazi. Kila kazi ina saketi yake, na wanaopata tabu zaidi ni wale wanaozichanganya tangu mwanzo. Chora kila saketi kwenye karatasi yake kabla hujakata waya hata mmoja.

2. Mota za pointi ni za aina gani, na nichague ipi?

Zipo tatu. Ya kwanza ni ya koili mbili: koili moja huvuta ndimi upande huu, ya pili upande ule, kwa kishindo na kwa sehemu ndogo ya sekunde. PECO PL-10 ni mfano unaojulikana sana. Ya pili ni mota ya polepole, inayosukuma ndimi kwa sekunde mbili tatu, kisha inakwama kwenye ukomo wake huku umeme ukiendelea kupita bila kuidhuru. Tortoise ya Circuitron ni ya jamii hii. Ya tatu ni servo, mota ndogo ileile inayotumika kwenye ndege za kuchezea, ambayo lazima iwe na bodi ya kuiongoza.

Kama unataka taa za kuonyesha njia bila kuhangaika, chukua mota ya polepole. Ni ghali kuliko koili, lakini inakuja na swichi mbili za ziada ndani yake, na hizo zinamaliza kazi ya frogi na ya taa kwa pamoja. Koili inafaa pale nafasi inapobana, au pale unapohitaji pointi nyingi kwa gharama ndogo. Servo ni ya mtu asiyeogopa kurekebisha mipangilio ya bodi.

3. Naweza kuchota umeme wa pointi kwenye kidhibiti cha treni?

Kwenye njia mbili za umeme za kidhibiti, ile inayokwenda relini usiiguse. Volti zake zinapanda na kushuka kadiri unavyoongeza mwendo, na koili ikinyonya mkondo, treni inashtuka. Vidhibiti vingi vina tundu la pili lenye volti zisizobadilika, mara nyingi 16 za AC (umeme unaogeuka mwelekeo; DC ni ule wa mwelekeo mmoja). Hilo linafaa kwa pointi chache.

Meza yenye pointi zaidi ya tano au sita inastahili adapta yake ya pointi na nyingine ndogo ya taa. Ukitenganisha hivyo, taa hazitafifia kila pointi inapogeuka, na ukipata shoti utajua uitafute wapi.

4. Nahitaji vifaa gani?

Mita ya kupimia volti na ukinzani, chuma cha kulehemia na risasi, kikata waya, nyaya za rangi angalau nne, konekta za skrubu, na kalamu isiyofutika ya kuandikia lebo. Mita si hiari. 

## Mota za koili

5. Kwa nini koili yangu imeungua?

Kwa sababu umeme ulipita muda mrefu. Koili ya pointi inaweza kunyonya ampea 2 hadi 4, na imetengenezwa kuuvumilia mkondo huo kwa muda wa kufumba na kufumbua tu. Uuache upite sekunde chache, vanishi ya waya inayeyuka, utasikia harufu kali, na koili hairudi tena.

Wakosaji wakubwa ni wawili. Mmoja ni swichi ya kawaida, ile inayobaki pale ulipoiacha. Koili haitaki hiyo kabisa. Inataka kitufe au swichi inayorudi yenyewe ukiiachia. Wa pili ni kitufe kilichonasa ndani, na huyu ni mbaya zaidi kwa kuwa kwa nje kinaonekana kizima. Dawa ya wote wawili iko kwenye swali la 6.

6. Kifaa cha kapasita ni nini, na ni lazima nikiweke?

Ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya transfoma na vitufe. Ndani kuna diodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) ya kugeuza AC kuwa DC, sehemu ya kubana mkondo, na kapasita kubwa ya kuhifadhi umeme, kwa kawaida maikrofaradi 2,200 hadi 4,700. Kapasita inajaa taratibu. Ukibonyeza kitufe, inamwaga chote ilichonacho kwa mara moja, na pointi inagonga kwa nguvu.

Ukiwa na transfoma ya volti 16 AC, kapasita hujaa hadi karibu volti 21 au 22, maana kilele cha AC kiko juu ya namba iliyoandikwa kwenye transfoma. Ndiyo sababu kapasita ya volti 16 haifai hapo. Chukua ya 25 au, kwa usalama zaidi, ya 35.

Uzuri wake wa pili ndio unaojibu swali la 5. Kitufe kikinasa, kapasita ikishamwaga haiwezi kujaa tena, na kinachoendelea kupita kwenye koili ni mkondo mdogo. Si lazima kwa pointi moja au mbili. Zaidi ya hapo, ningeweka kabla ya kununua pointi ya tatu. Kwa pointi mbili zinazogeuka pamoja (swali la 21) usijaribu bila hicho.

7. Pointi ya karibu inageuka vizuri, ya mbali inatetemeka tu. Tatizo ni nini?

Waya mwembamba. Chukua pointi iliyo mita 5 kutoka kwenye paneli (ubao wa vitufe na swichi zako): umeme unakwenda mita 5 na kurudi 5, jumla 10. Waya wa shaba wa milimita 0.22 za mraba kwa urefu huo una ukinzani wa kama omu 0.8. Pitisha ampea 4 na umepoteza zaidi ya volti 3 njiani, kabla koili haijaonja kitu. Ukitumia waya wa milimita 0.75 za mraba, unapoteza chini ya volti 1.

Kwa hiyo waya wa koili uwe wa 0.75 au 1, hasa ule wa pamoja unaorudisha umeme wa pointi zote. Waya mwembamba ule usiutupe, ni mzuri sana kwa taa. Mota za polepole nazo hazijali unene, maana zinanyonya miliampea 15 hivi tu zikikwama.

Kama waya ni mnene na pointi bado inatetemeka, shuka chini ya meza uangalie mota ilivyofungwa. Ikikaa upande kwa milimita moja, koili moja inavuta vizuri na ya pili inavuta hewa. Legeza skrubu, weka ndimi katikati kwa kidole, weka na kijiti cha mota katikati, kaza.

8. Lazima niweke vitufe viwili kwa kila pointi?

Hapana. Njia ya zamani na ya bei rahisi ni kuchora reli kwenye paneli, kupigilia skrubu mbili za shaba kila penye pointi, na kutumia kalamu ya chuma iliyofungwa waya. Unagusa skrubu ya njia unayoitaka, pointi inageuka. Kalamu hiyo hainasi kama kitufe, ila usiiache imelala juu ya skrubu.

## Mota za polepole na servo

9. Swichi ya miguu sita inaungwaje?

Mota hizi hugeuka ukibadilisha chanya na hasi. Swichi ya miguu sita, ile ya togoli yenye safu mbili za miguu mitatu mitatu, inafanya kazi hiyo. Igeuze uone miguu: miwili juu, miwili katikati, miwili chini.

Miguu ya katikati ipewe chanya na hasi kutoka kwenye adapta ya volti 12 DC. Miguu miwili ya juu iende kwenye mota. Kisha unga mguu wa juu kushoto na wa chini kulia, na wa juu kulia na wa chini kushoto. Nyaya hizo mbili zitapishana kwa umbo la X mgongoni mwa swichi, na lazima ziwe na plastiki yake, kwani zikigusana tupu ni shoti papo hapo.

Kwenye Tortoise, nyaya za mota ni mguu wa 1 na wa 8. Miguu ya 2 hadi 7 ni ya swichi za ziada: wa 4 ndio wa katikati kwa 2 na 3, na wa 5 ndio wa katikati kwa 6 na 7. Iandike kwenye karatasi na uibandike chini ya meza, maana utaihitaji ukiwa umelala chali, tochi mdomoni.

10. Nina swichi za miguu mitatu tu. Itawezekana?

Itawezekana ukiwa na adapta mbili za volti 12 DC zisizo na uhusiano mwingine. Unga hasi ya moja na chanya ya nyingine. Hapo pa kuungana ndipo waya wa pamoja unaokwenda kwenye mguu mmoja wa kila mota. Chanya iliyobaki na hasi iliyobaki ziende kwenye miguu ya pembeni ya kila swichi, na mguu wa katikati uende kwenye mguu wa pili wa mota. Unaokoa waya mwingi, kwa sababu kila pointi inahitaji mmoja tu kutoka kwenye paneli.

11. Mota inakwenda upande usio sahihi.

Badilishana nyaya mbili za mota. Fanya hivyo kabla ya kuunga taa na frogi, la sivyo utalazimika kugeuza kila kitu.

12. Mota ya polepole haina nguvu ya kugeuza pointi yenye springi. Nifanyeje?

Pointi nyingi, za PECO zikiwemo, zina springi ndogo chini ya ndimi ya kuzishikilia upande mmoja. Mota ya koili inaihitaji. Mota ya polepole haiihitaji, kwa kuwa yenyewe inaendelea kusukuma muda wote. Itoe kwa koleo lenye mdomo mwembamba, na uihifadhi mahali pa kukumbukwa.

13. Servo inatetemeka au inarukaruka umeme unapowashwa.

Servo inaongozwa na mapigo ya umeme: pigo la milisekunde 1.5 ni katikati, 1 ni upande mmoja, 2 ni upande mwingine, na mapigo hurudiwa kila milisekunde 20. Wakati bodi inaamka, mapigo ya kwanza huwa hayajatulia, ndipo servo inaporuka. Washa bodi kwanza, servo baadaye, au nunua bodi inayozuia mapigo hayo. Kutetemeka baada ya kufika ni jambo jingine: mara nyingi umeme wa volti 5 ni dhaifu, au waya wa mapigo umelala sambamba na waya wa reli kwa urefu mkubwa.

## Taa za kuonyesha njia

14. Taa ya LED inahitaji rezista ya kiasi gani?

Rezista ndiyo inayobana mkondo ili LED isiungue. Toa volti za LED kwenye volti za adapta, gawanya kwa mkondo unaoutaka. LED nyekundu hutumia kama volti 2. Nyeupe, bluu na kijani kikali hutumia 3 hadi 3.4. Kwa adapta ya volti 12, LED nyekundu na miliampea 10, unapata volti 10 gawanya kwa ampea 0.01, yaani omu 1,000. Rezista ya robo wati inatosha kabisa.

Miliampea 20 ndiyo mwisho kwa LED nyingi ndogo, lakini kwenye paneli iliyo mbele ya macho huzihitaji. Anza na omu 1,000. Kijani kikali kikikuumiza macho, panda hadi 4,700 au 10,000. Weka rezista moja kwa kila LED. Ukiziweka LED nyekundu na kijani sambamba kwenye rezista moja na kuziwasha pamoja, nyekundu itakula mkondo wote na kijani itabaki giza.

15. Taa ifuate swichi, mota au ndimi?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote kwenye ukurasa huu, na bahati mbaya huulizwa baada ya paneli kukamilika.

Taa iliyoungwa kwenye swichi ya paneli inakueleza ulichoagiza. Ni rahisi kuiunga, inapendeza, na inaweza kusema uongo mchana kweupe: umepindua swichi, taa imekuwa kijani, kumbe waya wa mota umechomoka na ndimi hazijasogea. Treni inaingia njia isiyo yake huku paneli ikisema mambo shwari.

Taa iliyoungwa kwenye swichi ya ziada ya mota inakueleza mota ilikofika. Hii ni hatua kubwa mbele. Kilichobaki ni ile sehemu kati ya mota na ndimi: kijiti kimepinda, au kokoto ya tuta imekaa kati ya ulimi na reli mama. Kokoto ya ukubwa wa punje ya mchanga inatosha kuuacha ulimi wazi kwa nusu milimita, na gurudumu la kwanza litapanda juu yake.

Taa inayofuata ndimi zenyewe, kwa swichi ndogo sana inayobonyezwa na upau unaounganisha ndimi, ndiyo ya kuaminika kuliko zote. Inakula muda kuirekebisha, na sidhani kila pointi inaistahili. Kwa pointi unayoiona kwa macho ukiwa umekaa, taa ya swichi ya ziada inatosha. Kwa pointi iliyo ndani ya handaki au nyuma ya mlima, usikubali kitu pungufu ya ndimi. Taa ya swichi ya paneli peke yake nisingeiweka popote.

16. Nimesikia LED inaweza kuungwa moja kwa moja na mota ya polepole bila rezista. Ni kweli?

Ni kweli kwa mota zinazonyonya miliampea 15 au 16 zikikwama, kama Tortoise. Mota yenyewe inakuwa ndiyo rezista. Chukua LED mbili, nyekundu na kijani, ziunge sambamba lakini zikitazamana kinyume, kisha zikatishe kwenye mmoja wa nyaya mbili za mota. Umeme ukienda huku inawaka moja, ukigeuka inawaka nyingine, na kila moja inamlinda mwenziwe dhidi ya volti za kinyume. LED ya rangi mbili yenye miguu miwili inafanya kazi hiyohiyo kwa tundu moja.

Itazame kwa makini pointi inapogeuka. Mota ikiwa inatembea inanyonya kama miliampea 4, taa inawaka hafifu. Ikikwama, taa inapata nguvu ghafla. Kung'aa huko kunakuambia mota imesimama. Hakukuambii imesimama wapi, kwa sababu hata kokoto ya swali la 15 inaikwamisha mota vilevile. Taa hii basi ni ndugu wa taa ya swichi, ila mwenye adabu zaidi.

Kila jozi ya LED inakula volti 2 hadi 3 za mota. Jozi moja kwenye adapta ya volti 12 haina shida. Ukiongeza ya pili kwa ajili ya taa ya ishara kando ya reli, mota inabaki na 6 hadi 8 na kuwa mvivu; hapo tumia swichi ya ziada na rezista za swali la 14.

17. Natumia koili na vitufe. Taa zitajuaje njia iliyo wazi?

Kitufe hakina kumbukumbu, kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufunga swichi ndogo ya kubonyezwa kwenye kijiti cha mota. Watengenezaji huuza za kupachika. Mguu wa katikati unapewa chanya, miguu ya pembeni inakwenda kwenye LED mbili zenye rezista, na hasi inawarudisha wote.

Ya pili ni rilei ya koili mbili inayokumbuka upande ilioachwa, ikiungwa sambamba na koili za pointi. Inafunga na kufungua vizuri, lakini inaonyesha agizo tu, na udhaifu wake umeelezwa kwenye swali la 15. Tena inakula sehemu ya nguvu ya kapasita, hivyo pointi iliyokuwa ikigonga kwa shida itaacha kugeuka kabisa.

18. LED haiwaki, au iliwaka mara moja ikafa.

Haiwaki: mguu mrefu ndio chanya, na upande uliobapa wa kichwa ni hasi. Kama miguu imeshakatwa, tumia sehemu ya diodi kwenye mita. Iliyokufa: haikuwa na rezista, au imewekwa kwenye AC. LED nyingi huvumilia kama volti 5 tu za kinyume. Ukilazimika kutumia AC, weka diodi ndogo kama 1N4148 sambamba na LED, ikitazama kinyume chake, na rezista ibaki palepale.

19. Kijani kiwe njia ipi?

Wengi huweka kijani kwa njia iliyonyooka na nyekundu kwa inayokengeuka. Kwenye stesheni yenye njia nyingi mpango huo unachosha, kwani nyekundu haimaanishi hatari, na jicho halikubali. Weka LED za rangi moja, mbili kwa kila pointi, juu ya mistari uliyochora kwenye paneli, na uwashe ile iliyo kwenye njia wazi tu. Njia nzima ya treni itasomeka kwa kufuata taa.

## Frogi na mfumo wa DCC

20. Injini ndogo inazimika juu ya frogi, au kunatokea shoti pointi ikigeuka.

Frogi ya plastiki haina umeme. Injini ndefu inaivuka kwa magurudumu yaliyo mbele na nyuma yake, injini fupi inakwama. Frogi ya chuma ina umeme, lakini lazima ubadilike kila pointi inapogeuka, maana inatumika mara kwa reli ya kushoto na mara kwa ya kulia.

Usitegemee ndimi ziilishe frogi kwa kugusa reli mama. Rangi na vumbi vitakushinda ndani ya muda mfupi. Tumia swichi ya ziada: mguu wa katikati uende kwenye frogi, miguu ya pembeni iende kwenye reli mama mbili. Pasua nafasi kwenye reli mbili zinazotoka kwenye V, au weka viungio vya plastiki, ili umeme wa njia ya mbele usirudi kinyume.

Shoti ikitokea, wakati inapotokea ndio unaokuambia chanzo. Ya kudumu, hata bila treni, ina maana miguu ya pembeni imepishana, badilishana. Inayotokea gurudumu linapoingia kwenye frogi iliyotenganishwa na ndimi ni kosa hilohilo. Ya kufumba na kufumbua wakati ndimi zinasogea ni ya mota za polepole: swichi ya ziada imeshabadilika huku ulimi bado umegusa reli mama ya zamani. Tiba ni kutenganisha ndimi na frogi kwa kukata vipande vya chuma chini ya pointi, kisha kuunga kila ulimi na reli mama iliyo kando yake. Kwenye DCC (mfumo wa kuongoza treni kwa amri za kidijitali zinazopita relini) fanya hivyo kwa kila pointi, kwani busta, kifaa kinacholisha reli umeme, inakata umeme kwa shoti ambayo kidhibiti cha kawaida kisingeihisi.

Je, dikoda za pointi (bodi zinazopokea amri za DCC na kugeuza pointi) zichukue umeme wa relini?

Zinaweza, na mwanzoni inaonekana nafuu. Sasa treni ifike kwenye pointi iliyogeuzwa vibaya. Magurudumu yanaleta shoti, busta inakata umeme, na dikoda ya kuirekebisha pointi hiyohiyo nayo haina umeme. Unabaki kusukuma injini kwa kidole. Zipe dikoda umeme wa adapta yao, na kutoka relini zichukue amri tu, tena kabla ya busta ikiwezekana.

## Yasiyo ya kawaida

21. Nina pointi mbili za kuhamia njia sambamba. Zigeuke kwa swichi moja?

Ndiyo, kwani hakuna siku utakayotaka moja igeuke bila nyingine. Mota za polepole ziunge sambamba. Mbili zinanyonya miliampea 30 hivi. Taa ya swali la 16 basi haitafaa kwenye waya wa pamoja, mkondo huo unazidi LED. Iweke kwenye waya wa mota moja baada ya njia kugawanyika. Kama unataka taa ya ukweli, zipitishe swichi za ziada za mota zote mbili mfululizo, taa iwake pale tu zote zimefika.

Kwa koili, unga sambamba na hakikisha kapasita ni ya 4,700. Reli zinazounganisha frogi hizo mbili ziwe na viungio vya plastiki.

22. Pointi ya njia tatu ina taa ngapi?

Taa tatu, mota mbili. Mota mbili zina mipangilio minne, lakini mmoja kati yake hauna maana: seti zote mbili za ndimi zikiwa zimekengeuka. Pitisha chanya kwenye swichi ya ziada ya mota ya kwanza: upande mmoja unawasha taa ya njia ya kushoto, upande wa pili unakwenda kwenye swichi ya mota ya pili, ambayo inagawa kati ya katikati na kulia.

23. Nataka kubonyeza kitufe kimoja, njia nzima ijipange.

Kwa koili tumia diodi. Kila kitufe ni njia, na kutoka kwenye kitufe diodi zinakwenda kwenye koili zinazohitajika, moja kwa kila koili, ili umeme usirudi kupitia njia nyingine. Chukua diodi za ampea 3, kama 1N5401. Kapasita moja inamudu pointi mbili au tatu kwa mpigo. Yadi yenye njia nane inaweza kuhitaji pointi nyingi kuliko hizo, na hapo mota za mwisho zitatikisika bila kugeuka. Ongeza kapasita ya pili sambamba, au ugawe yadi mara mbili.

24. Kitanzi kinachoirudisha treni kilikotoka kinaleta shoti hata pointi ikiwa sawa.

Pointi haina kosa. Reli ya kushoto ikizunguka kitanzi inarudi kukutana na reli ya kulia. Tenga reli zote mbili, kwenye miisho yote miwili ya kitanzi, na eneo lililotengwa liwe refu kuliko treni yako ndefu kupita zote, hasa ikiwa mabehewa yana magurudumu ya chuma au taa ndani. Swichi ya ziada ya pili ya mota, ikishirikiana na ile ya frogi, inaweza kugeuza umeme wa njia kuu au wa kitanzi pointi inapogeuka, na treni itoke kwa njia iliyofunguliwa. Kama swichi hiyo tayari inatumika kwa taa, taa ndiyo ihamishiwe kwenye waya wa mota kama ilivyo kwenye swali la 16.